Mstari wa Mwisho wa Baba Mehnga

Kot Lalu, 3 Februari 1978

Kwako Nazakat, mdogo wangu,

Salaam aleikum. Sisi hatujambo, ila Baba mgongo unamuuma kwa kukaa kwenye kitanda cha kufumia nguo. Je, wewe na wifi yangu? Lahore baridi imepungua?

Daftari hili ninalokutumia lina nyimbo thelathini za Baba. Yeye aliimba huku anafuma, mimi nikaandika. Anasema umtafutie mchapaji, na neno lisiloeleweka na watu wa mjini ulibadilishe. Ila mstari wa mwisho wa kila wimbo, penye jina lake, usiuguse. Anasema: “Sijui kutia sahihi. Jina langu liko pale, kama walivyoweka wazee wetu wote.” Mzee huyu naye na jina lake!

Dada yako,
Bashiran

Lahore, 20 Juni 1978

Dada mpenzi,

Aleikum salaam. Sisi wazima. Mchapaji bado, lakini redio wamenikubali! Ijumaa ijayo, baada ya sala, nitaimba ule wimbo wa nguo za arusi. Kuna vijimambo vidogo vya kurekebisha tu. Mwambie Baba afurahi.

Mdogo wako,
Nazakat

Kot Lalu, 2 Oktoba 1978

Nazakat,

Salaam. Usiniulize hali.

Ijumaa ile kijiji kizima tulijaa kwa kinyozi, mwenye redio. Baba alivaa kilemba kipya. Ukaimba vizuri, sikatai. Kisha ukafika mwisho, penye “Mehnga anena”: “Nazakat anena: nimefuma nguo za arusi, mwili wangu wazi.” Wewe? Wewe uliyekuwa ukijitia homa usishike uzi? Baba akasema labda redio ni mbovu.

Juzi, kwenye sikukuu ya walii wetu, akasimama kuimba kama kila mwaka. Alipotaja jina lake, vijana wakaangua kicheko. “Mzee, huo wimbo wa mwanao! Hata mwanao unamwibia?” Akaketi. Miaka arobaini anaimba pale, hajawahi kuketi kabla ya kumaliza.

Nenda redioni useme nyimbo ni za Baba. Maneno manne tu, Nazakat.

Dada yako,
Bashiran

Lahore, 15 Januari 1979

Dada,

Aleikum salaam. Barua yako imenichoma. Watu wa redio walisema Mehnga ni jina la kishamba, wanataka kijana. Na mimi na Baba si damu moja? Sasa nimezoeleka, naalikwa kila mahali. Nikisema leo, wakwe zangu watanionaje? Nipe muda, nitasema mwaka huu, naapa. Ila nimebakiwa na nyimbo mbili tu. Nitumie daftari la pili la nyimbo zake.

Mdogo wako,
Nazakat

Kot Lalu, 9 Mei 1979

Nazakat,

Baba amekufa, unajua. Simu ya maandishi uliipata. Hukuja, ulikuwa na tamasha. Sasa nikwambie usichokijua.

Siku kumi na moja kabla ya kufa alialikwa kuimba arusini, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mgeni mmoja wa mjini akamuuliza mbele ya watu, “Baba, tuambie ukweli. Mwenye wimbo ni nani, wewe au mwanao?” Nikashukuru Mungu. Nikasema, leo ndiyo leo. Baba akauimba wote, sauti haikutetemeka, na mwisho akasema: “Nazakat anena.”

Nilimkasirikia njia nzima. “Baba, umejizika mwenyewe!” Akanijibu, “Acha waniite mwizi mimi, nishazeeka. Yeye ana mke na wakwe.” Hakuimba tena.

Kwa hiyo huna haja ya kusema chochote redioni. Amekusemea. Hata nikienda leo na daftari lililobaki, nani ataniamini, iwapo mwenyewe alikana hadharani?

Jiwe lako la kaburi, la marumaru, limefika. Zuri sana, la ghali. “Hapa amelala baba wa mshairi Nazakat.” Fundi akaniuliza, “Na jina la marehemu nilichonge wapi?” Tukalitazama pamoja. Hukuacha nafasi.

Nimewaambia walilaze kisimani, maandishi chini. Wanawake wanafulia juu yake. Kaburi la Baba ni udongo, kama makaburi ya wafumi wote.

Daftari la pili ninalo. Wasokotaji uzi wa hapa kijijini wameshajifunza nyimbo saba, kila wimbo na mstari wake wa mwisho kama ulivyo. Usije kulichukua, na usiniandikie tena.

Bashiran,
binti Mehnga