Kamera Niliyoitaka Tangu Kisumu

Kaka Chacha,

Mvua za vuli zimerudi tangu lile lori lipinduke nawe njia ya Mugumu, na Mama bado hajaondoa ukutani picha ulizopiga wewe. Niliyopiga mimi hajaweka hata moja. Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloniuma, nisije nikajifanya nakuandikia kwa upole.

Unakumbuka kule Kisumu? Muuzaji alituwekea kamera mbili mezani, zote za mkanda mpana wa filamu. Moja ilikuwa kisanduku chepesi chenye lenzi mbili, unakishika tumboni na kukitazama kwa juu. Nyingine nzito kama tofali, unaibandika jichoni. Mimi niliinua ile nzito, nikauona ndani yake uso wako wote, hadi kovu la kidevuni. Ukasema, "Rhobi, tukienda na hii vijijini, wazee watadhani tumewaelekezea bunduki." Ukachukua ya lenzi mbili. Wala hukuniuliza.

Nayo ilikukubali. Ulipoiinamia, watu waliona kama unawapa heshima, nyuso zikalainika. Kila kijiji kilikuita wewe. Mimi nilibaki nyumbani Nkende kwenye chumba cha giza, nasafisha picha zako, naziona nyuso zikijitokeza majini, zimetulia, zinakutazama wewe tu. Nilikuonea wivu, kaka. Wivu wa kukosa usingizi.

Ulipokufa, kamera ikawa yangu. Nikatembea nayo. Kila boma waliniuliza, "Chacha yuko wapi?" Nikiwaambia, wanalia, kisha wanakaa vilevile ulivyowazoesha. Nimeshika mimi, nimebonyeza mimi, lakini picha zikatoka zako!

Basi nikavuka mpaka hadi Migori, kwa binamu yetu mwenye studio, tukabadilishana kamera. Nikarudi na kamera nzito, ya aina ile ile niliyoitaka. Mama akaniambia, "Umegawa macho ya kaka yako." Wiki nzima hakula nami.

Nikaenda nayo Ikoma. Bibi Nyangi, yule aliyekuwa akikutabasamia, alikuwa ameamriwa kuhamia kijiji cha ujamaa, na paa la nyumba yake lilikuwa limeshaezuliwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida, akakubali nimpige picha. Nikaibandika kamera jichoni. Mlio wake ulimshtua. Hakulainika hata kidogo. Alishika mwimo wa mlango, akanikazia macho kama mtu anayesema, "Thubutu kunisogeza." Nikabonyeza tena.

Picha nilimpelekea kwenye nyumba mpya. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Chacha alinifanya mzuri," akasema. "Wewe umeiona hasira yangu. Hii naiweka mwenyewe. Zile za Chacha nitawapa wajukuu."

Nilitoka nje nikalia. Nilitamani uwe hai, uishike ile picha, uigeuze, uitazame tena. Kaka, nilitamani uwe hai ili na wewe unionee wivu, hata siku moja tu. Halafu nikatamani uwe hai, basi.

Pumzika, Chacha. Vile vijiji ambavyo hukuwahi kuvifikia, nakuahidi nitavifikia mimi. Na nyuso nitakazozikuta huko zitakuwa hazijawahi kukutazama wewe.

Mdogo wako,
Rhobi