Penalti ya Kipa wa Kwaya

Jumatatu, 12 Juni 1995
Nimefagia banda, nimefuta vumbi kwenye deki ya video, nimejaza mafuta jenereta. Baridi imenikaza vidole. Baba kapita mlangoni, kaitikia salamu yangu huku anatazama mlima. Ghala hili ni lake, na tajiri mmoja wa viazi analitaka. Mimi naonyesha video za karate humu, na mzee wa kanisa kama yeye anaona haya kupita na Biblia mbele ya bango langu. Kanipa mpaka Jumapili. Nionyeshe kitu ambacho yeye mwenyewe anaweza kukaa akakitazama, na mabenchi yajae. La sivyo viazi vinaingia, natoka mimi na deki yangu.

Nimepata kanda. Vijana wa kwaya huko Mbeya wameigiza wenyewe kwa kamera ya kuazima. "Kipa wa Kwaya." Timu ya kanisa inacheza fainali na timu ya sokoni. Picha inatetemeka. Ng'ombe anakatiza uwanja.

Wamekuja watu kumi na mmoja. Wawili walilala. Jenereta ikazima kabla ya fainali. Nina hasira na dunia nzima.

Jumanne, 13 Juni
Hili lazima niliandike vizuri.

Mabenchi nusu, wengi kina mama wa Mpuguso waliotoka sokoni. Fainali sare, dakika ya mwisho, penalti. Kipa anapiga magoti golini, anasema, "Tuombe." Banda zima likasimama! Vichwa chini, macho yamefumbwa, Baba Yetu pamoja na kipa, polepole, kama tulivyolelewa. Mimi pia, mkono juu ya deki. Teke tulilisikia kabisa, tulipofika kwenye riziki yetu ya leo. Hakuna aliyefumbua. Tuliposema Amina, kwenye kioo kwaya ilishaanza kuimba na kucheza, kipa katikati, mpira uliojaa matope kwapani. Mwisho.

Kadaka au kafungwa? Hakuna ajuaye! Waigizaji walidhani kila mtu kaona, hawakutaja matokeo.

Aliyeona ni mmoja tu. Mama Zuhura, jirani yangu wa chapati. Yeye Mwislamu, alikaa kimya kwa heshima wakati sisi tunaomba, macho kwenye kioo. Wakamzonga mpaka mlangoni. "Mimi nimelipa kiingilio nikaona," kawaambia. "Nanyi lipeni, mfumbue macho." Nampenda mwanamke yule.

Jumatano, 14 Juni
Wale wale wamerudi, na wengine. Wote wameapa: leo hatufumbi. Kipa kasema "Tuombe," na wote, hup, wamesimama, wamefumba. Mazoea yana taabu. Nimecheka mpaka nikasahau kuwa nami nimefumba.

Lugano, fundi baiskeli, anadai alichungulia: kadaka. Shemeji yake naye anadai alichungulia: goli. Wamebishana kutoka hapa mpaka stendi, na kila waliyempita kauliza kuna nini. Tangazo la bure!

Ningeweza kurudisha kanda nyuma asubuhi, peke yangu, nikajua. Sitaki. Uso wangu hauna siri, wangeusoma kama gazeti.

Alhamisi, 15 Juni
LIMEJAA. Watu wametoka Kawetele, wametoka Masukulu kwa miguu. Bibi mmoja kaleta mkungu wa ndizi kuwa kiingilio. Nimepokea. "Ndaga fijo, mwanangu," kanishukuru, akakaa mbele kabisa ili aone vizuri. Akafumba macho hata kipa hajapiga magoti.

Nimeonyesha mara mbili. Mama Zuhura kamaliza chapati zote kabla ya saa tisa. Kila anayenunua anamuuliza, naye anasema tafuna kwanza.

Ijumaa, 16 Juni
Mabenchi hayatoshi. Watu wamesimama ukutani, wamening'inia madirishani. Benchi moja limevunjika mguu. Nimeonyesha mara tatu! Nina furaha ya kijinga. Nimecheza peke yangu jikoni, mwiko mkononi.

Jumamosi, 17 Juni
Tajiri wa viazi kaja na kamba, kapima ukuta wangu huku watu wanapanga foleni. Baba kamshikia ncha ya pili.

Nimeumia. Wiki nzima hajaingia hata mara moja. Banda limejaa, sawa, lakini yeye asipokaa haitoshi, ndivyo tulivyopatana. Wazee wenzake wawili wamekuja leo, wametoka wanabishana juu ya penalti kama watoto. Lazima kasikia.

Jumapili, 18 Juni
Kaja.

Moja kwa moja kutoka kanisani, koti lile lile. Nikamwambia baba pita tu. Kakataa, kalipa kiingilio kama wengine, kakaa benchi la mbele, kofia gotini. Sikuona kitu kwenye kioo, namtazama yeye. Ng'ombe alipokatiza, mabega yake yalitikisika. Alicheka!

"Tuombe." Banda likasimama, baba akasimama. Nikainamisha kichwa. Nikashindwa. Nikafumbua jicho moja, nikamtazama.

Macho wazi! Yamekodoka! Mtu aliyenifinya sikio utoto wangu wote kwa kuchungulia wakati wa sala! Kakunja ngumi kifuani, teke likasikika, akaruka kidogo pale alipo. Nikafumba haraka asinione.

Baada ya Amina kavaa kofia, kaondoka.

Jumatatu, 19 Juni
Ukungu mzito. Nimekuta mlango wa banda umefunguliwa. Baba ndani, nyundo mkononi, anatengeneza benchi lililovunjika. Nimemwamkia, kaitikia. Viazi vitafute ghala jingine, kasema, bila kuinua kichwa.

Nikamshikia ubao.

Kagonga misumari miwili. Kisha, kama anayeongea na ubao, kasema, "Yule kijana angesubiri kidogo. Aliruka mapema mno."

Nyundo ikasimama hewani. Kajua alichosema. Nami nimejua. Hatukutazamana.

Kumbe walifungwa. Na ule wimbo wote, kule kucheza kote na mpira kwapani, ni wa watu waliofungwa.

Nimekwenda kwa Mama Zuhura kuchukua chai, vikombe viwili. Kaniangalia usoni, kacheka, hakuniuliza kitu. Nimerudi, baba kakaa kwenye benchi lake kulijaribu. Tumekunywa.