Jina Nililolifuta Mara Tatu

Mwankoko, Jumanne jioni

Nimelifuta tena, mara ya tatu sasa. Mhariri mwenzangu wa kamusi elezo ya mtandaoni, mtu wa Dar ambaye hatujawahi kuonana, anang'ang'ania kuandika jina la mwanamke aliyekufa kwenye moto uliozuka ndani ya treni ya chini ya ardhi huko ng'ambo. Polisi wa huko hawajalitangaza.

"Dada, jina limeshazagaa kila mahali. Unamficha nani?" aliniandikia.

Nilitaka kumjibu vibaya. Mwishowe nikamweleza tu. Kaka yangu alipofukiwa na kifusi mgodini Sekenke, mama alipata habari kwa jirani aliyesoma jina lake kwenye simu. Alikuwa uani anapepeta uwele. Sisi tulikuwa bado njiani kwenda kumwambia.

Nikautuma ujumbe. Nikaogopa nimemuudhi, au labda nachanganya msiba wangu na kazi ya watu.

Halafu akajibu: "Pole sana, dada. Silirudishi. Tungoje ndugu zake waambiwe kwanza."

Huenda kwao marehemu hakuna hata mmoja anayesoma Kiswahili. Lakini kama mama yake yupo hai, hatalisikia kutoka kwetu.