Shingo ya Kuku wa Bi Somoe

Kinjumbi, Kilwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba kabla Dada Anastazia hajamaliza kulisoma neno lenyewe, kwa hiyo naendelea. Hali yako? Miguu inasemaje na baridi ya Newala? Mihogo mmeshaing'oa au bado mnaitazama tu? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na cherehani inaniweka mjini, ingawa huku nilipo si mjini.

Dada, wewe unayesoma, soma polepole na usiruke mahali.

Mama, nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Kila nikikupigia tunasalimiana vizuri, tunacheka, lakini nikifika tu kwenye habari ya tezi unaniambia mtandao mbaya, unakata. Mbona ukinisimulia harusi za watu haukati? Na jinsi unavyohema nasikia. Unasema maneno mawili, unavuta pumzi kama mtu aliyepandisha mlima na ndoo kichwani. Daktari amesema tezi inakubana koo, lazima itolewe, nawe umesema shingo yako haiguswi na kisu cha mtu. Dada kaniambia ulimwuliza: "Nani alichanwa shingo, akashonwa, akabaki?"

Basi mimi nimemwona. Ni kuku. Usikasirike bado, Mama, ngoja nikueleze.

Bi Somoe unamjua kwa kumsikia, ndiye mwenye nyumba niliyopanga. Ni mjane, mtu mzima, goti linamsumbua ila mdomo haumsumbui. Kila Ijumaa ananiuliza nitasilimu lini, nami namjibu nitasilimu siku atakayonisindikiza kanisani kwenda kuaga. Tunaishi hivyo, tunaelewana. Ana kuku wake mmoja mwekundu, mkali kweli, aliyekuwa ametoka kuangua. Hao vifaranga Bi Somoe alikuwa anawatazama kuliko anavyotazama taarifa ya habari.

Siku hiyo kulikuwa na msiba kijiji cha pili. Watu wote walikwenda kuzika, wanaume kwa wanawake, mtaa ukabaki mtupu. Bi Somoe alibaki kwa sababu ya goti, nami nilibaki kwa sababu ya sare za shule nilizokuwa nimeahidi. Niko barazani nashona, nikasikia ukelele wa Bi Somoe, na kivuli kikapita uani. Mwewe. Nilipotoka nilikuta vifaranga wamejibanza chini ya mtungi, hakuna hata mmoja aliyechukuliwa, na mama yao yuko katikati ya uwanja ananing'iniza bawa. Alikuwa amemrukia mwewe, Mama. Kuku yule alimrukia mwewe hewani, mimi sikuona, Bi Somoe ndiye aliyeona, na mpaka leo akisimulia anasimama, goti analisahau.

Lakini kucha zilikuwa zimempata. Chini ya shingo, pale panapovimba kuku akishiba, palikuwa pamechanika upana wa vidole vyangu vitatu.

Bi Somoe hakufikiri mara mbili. "Damiani, kimbia utafute mtu wa kuchinja! Haraka, asije akawa kibudu!"

Unajua wenzetu walivyo. Kuku akifa mwenyewe ni mzoga, haliwi, hata kama alikuwa mzima dakika moja iliyopita. Nikakimbia. Nyumba ya kwanza imefungwa, ya pili imefungwa, msikitini nimekuta viatu vya mtu lakini mwenye viatu simwoni. Nikarudi natweta. Bi Somoe ameshaandaa kila kitu: kisu kimenolewa, maji yako jikoni, na kuku amelazwa ameelekezwa Kibla kabisa, anangoja.

"Hakuna mtu," nikamwambia. "Wote wako mazishini."

Akanitazama, akakitazama kisu, akanitazama tena. "Na wewe ndiye mwanaume pekee aliyebaki Kinjumbi nzima."

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe ni Damiani."

"Ndiyo, Bibi."

"Ningekuwa nimekusilimisha mwezi uliopita, saa hizi tungekuwa tunanyonyoa."

"Kwani wewe huwezi kuchinja mwenyewe?"

"Mimi? Tangu nizaliwe sijakata shingo ya kiumbe. Nianze leo, na mikono hii inayotetemeka?"

Tukakaa kwenye mkeka tukimngoja mwenye viatu arudi. Mama, tulikuwa tunangoja watu wawili, mchinjaji na kifo, na hakuna aliyekuja. Badala yake kuku akainuka. Alijikusanya, akatembea mpaka kwenye kibakuli cha maji, akainamisha kichwa akanywa. Yale maji yakatoka shingoni, yakamwagikia kifuani pamoja na punje za mtama. Akanywa tena, yakatoka tena. Na vifaranga wakatoka chini ya mtungi, wakaja kudonoa zile punje zilizodondoka, naye akawaita kwa ile sauti yao ya kuitia watoto chakula.

Bi Somoe akasema taratibu, "Subhanallah. Huyu hataki kufa," kisha akaniambia, "Mpigie bwana mifugo."

Bwana mifugo alikuwa Kilwa Masoko kwenye mkutano. Akatoka nje kunisikiliza, nami nikaweka spika ili Bi Somoe asikie. Nilipomweleza akaniuliza, "Wewe kazi yako nini?"

"Fundi cherehani."

"Sasa unanipigia mimi wa nini? Chukua sindano."

Nilidhani anatania, kumbe hatanii. Alinieleza nichemshe sindano na uzi, niviache vipoe. Nimwoshe kuku kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, nikate manyoya ya pembeni nisiyang'oe. Kisha akasema kitu ambacho fundi yeyote angekielewa: kuna tabaka mbili, usizishone pamoja. Ndani kuna kifuko cha chakula, hicho kianze, na kingo zake zikunjwe kwa ndani. Ngozi ya juu ifuate, peke yake. Kama gauni lenye bitana, Mama. Ukishona bitana na kitambaa kwa pamoja, gauni linavuta.

Bi Somoe akamfunika kichwa kwa kanga, akampakata. Kuku akaacha kufurukuta, anatetemeka tu; nadhani alifikiri jua limezama. Bi Somoe akasema bismillahi, mimi nikafanya ishara ya msalaba, tukaanza.

Sijui nikuambieje nilichokiona. Kile kifuko ni chembamba, kinapitisha hata mwanga, na ndani yake nilikuta mtama, vijiwe, na bawa la kumbikumbi. Mishipa yake ni laini kuliko uzi wowote niliowahi kupitisha kwenye tundu la sindano. Na chote kilikuwa kinacheza. Kila pumzi kinapanda na kushuka chini ya kidole changu. Mimi tangu nimejifunza kazi hii nimeshika hariri, nimeshika lesi za maharusi, nikadhani najua kitu kizuri kilivyo. Nikaisimamisha sindano hewani mpaka Bi Somoe akaniambia, "Wewe shona. Mimi nikishtuka wewe usishtuke." Na yeye machozi yanamtoka.

Nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho kama mtu aliyelima.

Tulimweka na vifaranga wake kwenye tenga chumbani kwangu, pembeni ya cherehani, ili kuku wengine wasije wakamdonoa kidonda. Chakula kilikuwa uji wa mtama mwepesi, kidogo kidogo. Kesho yake bwana mifugo akapita na pikipiki, akaleta dawa ya kutia kwenye maji, akautazama mshono akacheka. Akasema sasa ni kungoja. Kuku hakula. Alisinzia tu na mkia umelala, na mimi nikawa nashona huku sikio liko kwenye tenga.

Hapo sasa wachinjaji wakajaa. Waliozika wamerudi, kila jirani anaingia na kisu, pole nyingi, "Mleteni tummalize, mnamtesa bure." Mwenye viatu naye akaja. Nilidhani Bi Somoe atakubali, maana kwa kweli kuku alikuwa na hali mbaya, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Akasimama mlangoni kwangu na fimbo yake. "Mlikuwa wapi nilipowatafuta? Sasa sindano imeshaingia, kisu kimepitwa na wakati. Rudini nyumbani kwenu."

Asubuhi moja nikashtushwa na kelele za kucha. Kuku anachakura ndani ya tenga, manyasi yanaruka mpaka kwenye nguo za wateja, na vifaranga wako chini yake wanalia kwa furaha. Nikapiga kelele kumwita Bi Somoe kama mtoto. Akaja bila fimbo.

Sasa sikiliza hili, Mama, ndilo lililonifanya nikuandikie. Siku ya kutoa nyuzi nilikaa naye mlangoni penye mwanga. Nikatoa uzi wa juu, nikapapasa kutafuta mshono wangu. Sikuuona. Nikageuza manyoya huku na huku, nikamwita Bi Somoe na macho yake mabovu, naye hakuuona. Palikuwa na ngozi tu, na vinyoya vipya vinachomoza.

Kitambaa hakijawahi kunisaidia hata siku moja. Nikikiacha kimechanika usiku, asubuhi nakikuta kimechanika vilevile. Mshono wangu wowote unaonekana ukiugeuza, hata niwe fundi namna gani. Lakini yule kuku alijiunga mwenyewe. Mimi nilishikiza tu, kama unavyoshikiza pindo kwa nyuzi za kutoa, halafu kuna Fundi mwingine aliyekuja nyuma yangu akaimaliza kazi, wala sikumsikia akiingia. Mama, nililia. Nililia nikiwa nimempakata kuku, na wateja wakanikuta hivyo.

Najua wewe si kuku. Na daktari si fundi cherehani wa Kinjumbi. Ana dawa ya usingizi, ana taa, ana wenzake, na ameshona shingo nyingi. Najua pia jambo lingine unaloliogopa, ulilomwambia Dada peke yake: kwamba sauti itapotea, usiweze tena kuimba na akina mama kanisani. Hilo sitakudanganya. Daktari amesema atakuwa mwangalifu, hakuapa, nami siwezi kumwapia. Ila nakuomba ufikirie kwamba sasa hivi pumzi ya kuimbia yenyewe inapungua.

Msalimie Dada na shemeji, mwambie suruali yake nimeipunguza kiuno, asinenepe tena. Msalimie Baba Mdogo, na mama mkwe wa Dada anayekuletea kuni. Katekista mwambie namkumbuka, na nasali. Bi Somoe anakusalimu sana. Katika wale vifaranga amekutengea tetea mmoja, lakini amesema hamtumi kwa mtu; uje umchukue mwenyewe, mzungumze wazee kwa wazee.

Nimefunga kazi. Sare zimekwisha, na nguo za harusi nimempa fundi mwenzangu. Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho, na mimi nitaifuata. Nikifika sitakuuliza umeamuaje kabla sijala. Na sitakuambia usiogope, Mama, maana siku ile Bi Somoe aliogopa, mimi niliogopa, na kuku alikuwa anatetemeka chini ya kanga, na tulishona hivyohivyo.

Ogopa tu. Lakini twende.

Mwanao,
Damiani