Saini ya Kaka Mkubwa

Kanauj, nyumbani kwa Mama

Kwa kaka yangu Mustaqim,

Assalamu alaikum. Natumaini joto la Kanpur halijakuchosha, na kwamba wifi na watoto ni wazima. Sisi tupo. Magoti ya Mama yanamsumbua kama kawaida, lakini chakula anakula. Waridi limechanua vizuri mno mwaka huu, ila wanaolivukiza kuwa marashi ni watu wengine.

Najua habari umezipata, maana mabaya hukufikia upesi. Hukumu imetoka. Masufuria ya shaba ya Baba, matanuri, ua mzima, vyote vimekwenda kwa Bwana Tandon, yule mnunuzi uliyeniletea mwenyewe, kumfidia marashi yaliyoonekana si safi. Mafundi wametawanyika. Nikipita pale natazama upande mwingine.

Mbele ya msuluhishi, Jaji mstaafu Vaidya, nilieleza ukweli mtupu. Nilisema waridi lilikuwa langu na halikuwa na kasoro. Ila mafuta ya msandali ya kupokelea mvuke wa waridi uliyaleta wewe, ndani ya gari lako, ukaapa kwa jina la Baba kuwa ni safi, kumbe yamechanganywa. Nikamwomba akuingize kwenye shauri tujibu wote wawili. Mzee wa watu akavua miwani. Akasema yeye si mahakama, uwezo wake umetoka kwenye mkataba, na kwenye mkataba ziko saini mbili, yangu na ya Tandon. Mtu ambaye hakukubali kuamuliwa naye, hawezi kumkokota aje, hata akihisi ndiye mwenye makosa. Labda uje kwa hiari yako, neno moja tu lingetosha. Tandon naye akasema hana kipingamizi, aletwe tu huyo kaka, mbona kwenye biriani ya siku ya mkataba alikuwa wa kwanza.

Ukaandikiwa. Nikakupigia simu nikilia, ukaniambia nisikuchafulie jina mjini. Wakili wako akajibu kwamba wewe si mhusika, siku ile ulipita tu kunywa chai. Chai, kaka! Bei ulipanga wewe, na mafuta ulisema yatatoka kwako, huku umekalia mto wa Baba sebuleni kwetu.

Na karani aliyeandika mkataba alikuwa ameacha nafasi tatu za saini. Ukacheka, ukauliza tangu lini mdogo akamsogezea mkubwa wake kalamu, au nakuona mwizi. Kweli kwetu haifanyiki. Hata Baba hakuthubutu kumwekea kaka yake karatasi mbele. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikabusu mkono wako, na nafasi yako ikafutwa. Heshima niliyokupa ndiyo uliyojifichia, na hilo linaniuma kuliko masufuria.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Jaji Vaidya alipomaliza kazi yake aliniambia kwamba pale alipokwama yeye, mahakama ya wilaya haikwami. Huko mtu haulizwi kama anapenda kuitwa. Nimekushtaki, kaka. Wito utaupata wiki hii.

Najua utacheka tena, utasema ni neno langu na lako, kwa kuwa mafundi hawakuwamo na Tandon atasema linalomfaa. Umesahau pazia. Mama alikuwa nyuma yake siku ile, kwa kuwa mgeni hakuwa maharimu wake, akingoja kurudishiwa vikombe. Alisikia bei, akasikia mafuta, akasikia kiapo chako.

Wallahi sikumwomba. Juzi alikuja jikoni akishikilia ukuta, akasema atakwenda kutoa ushahidi. Nilimkumbusha kwamba wewe ndiye mwanawe wa kiume pekee. Akajibu kwamba analijua hilo, alikuzaa mwenyewe, na kwamba jina uliloliapia ni la mume wake.

Msalimie wifi sana, wabusu watoto. Nilimwuliza Mama kama ana salamu za kukuletea. Amesema hapana, mtaonana mahakamani.

Mdogo wako,
Rafat