Kuuachia Mpini

Jumatatu, 4 Agosti

Nyuma ya kisiwa tena, baada ya kumpa baba chai. Upepo mzuri. Tiara ilipanda bila taabu, nyekundu, upana wake kama kanga mbili zilizoshonwa. Nikaipeleka kushoto, kulia, ikachora nane angani. Hilo sasa nalijua. Ninaloshindwa ni kuachia.

Zainabu wa mama mdogo ndiye aliyeniletea tiara hii ya mazoezi kutoka Mombasa. Yeye hufundisha wageni kuteleza juu ya maji kwa tiara kubwa, zile zinazomwinua mtu mzima. Ameniwekea nafasi nijifunze, na nikifuzu kuna kazi. Sharti lake ni moja: nimtumie video, upepo mkali, nikiuachia mpini. Mpini una mkanda wa kufunga mkononi. Ukiachia, mkanda huvuta kamba moja tu, tiara inalegea na kuanguka. Asiyeweza kuachia nchi kavu, yeye hamtii majini. Watoto wa shule wanaweza, anasema. Ahsante sana, Zainabu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeburutwa. Upepo ulivuta, nikang'ang'ania. Goti limechubuka, mchanga hadi kwenye meno. Khadija, mke wa kaka yangu Athmani, ndiye anayenishikia simu kurekodi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza kwa nini siachii. Nikasema sijui.

Najua. Nimekulia kwenye mashua ya baba, mshipi wa kuvulia mkononi. Samaki akivuta, baba alikuwa na kelele moja: usiache! Mshipi ukikuponyoka umetupa chakula cha nyumba nzima. Kelele hiyo imenilea. Sasa naambiwa nifungue mkono tu, eti basi.

Ijumaa, 8 Agosti

Baba hajui. Macho yake yamebaki kuona vivuli, na anadhani naenda miambani kutafuta pweza. Wanawake kisimani wanajua vizuri sana. Binti mzima anacheza tiara, wanasema, tena wanahakikisha nasikia. Waseme. Wasimfikishie baba tu.

Tangu Athmani ashike njia ya Libya na simu yake ikanyamaza, baba hataki mtu wake avuke popote. Hata Kismayo, hapo jirani. Nikichelewa kisimani ananiita kwa jina langu kamili. Na mimi namdanganya kila asubuhi na kikapu kitupu mkononi. Najichukia.

Jumapili, 10 Agosti

Nimejikata mkono wa kulia. Naandika kwa kushoto, ndiyo maana herufi zimepinda hivi.

Kamba zilijisokota, nikashika moja juu ya mpini ili niinyooshe. Tiara ikavuta ghafla. Mkono haukuniuliza. Ukaizungusha kamba kiganjani, kama tufanyavyo sote hapa samaki akiwa mzito. Lakini samaki huchoka. Upepo haukuchoka. Zainabu alinionya kwa sauti yake mwenyewe: kamba ya tiara haizungushwi mkononi, ni kisu. Khadija alinifunga kwa kipande cha mtandio wake. Damu nyingi. Niliogopa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilimpa baba uji kwa mkono wa kushoto. Akaweka bakuli chini, akataka wa kulia. Alifungua kitambaa taratibu, akapapasa kando ya kidonda kwa kidole gumba.

"Hiki si kisu. Huu mshipi. Samaki yuwapi?"

Nikamwambia yote. Tiara, Zainabu, nafasi, safari. Nilingoja kelele. Haikuja. Akaomba mafuta ya nazi, akanipaka pembeni ya jeraha, akafunga tena vizuri kuliko Khadija.

"Mchu akenda kule harudi," akasema. Kwake kila mtu ni Athmani. Akalala akielekea ukutani.

Bora angenipiga.

Alhamisi, 14 Agosti

Hasemi. Anakula, anaswali, anageukia ukuta.

Zainabu kaleta ujumbe. Hawezi kunishikia nafasi zaidi ya Jumapili, kuna msichana mwingine anaitaka. Nilipanda kwenye magofu kutafuta mtandao nimjibu, nikafuta, nikaandika, nikafuta.

Nimemkasirikia kila mtu leo. Athmani zaidi. Akitokea mlangoni sasa hivi nitamzaba kibao kwanza, ndipo nilie. Kaondoka yeye, nimefungwa mimi.

Jumamosi, 16 Agosti

Sikutaka kwenda. Khadija alinifuata jikoni, tiara kwapani. Nikamwambia mkono unauma na baba kanuna, niache. Akaniangalia.

"Mimi nalala na simu mkononi tangu kaka yako aende. Hailii. Weye una kichu cha kuachia. Kiache."

Tukaenda. Upepo ulikuwa wa kutisha, mchanga ukipiga miguu. Tiara ikapanda, ikanivuta hatua, nikachimba visigino. Mkono ukakaza. Nikaungoja ukaze hadi mwisho. Kisha nikaufungua.

Wepesi. Hilo ndilo nakumbuka.

Halafu Khadija akapiga ukelele. Mkanda! Kwa sababu ya bendeji sikuufunga. Tiara haikuanguka, ilikwenda, mpini ukigonga mawe nyuma yake, ikavuka mwamba, ikashika upande wa kisiwa cha Fuma. Nyekundu, nyekundu, kisha hakuna. Nilikaa mchangani nikacheka vibaya, nikalia.

Video tumetuma hivyo hivyo. Zainabu kajibu kabla ya magharibi: "Umeachia mpaka tiara yangu! Njoo. Mkanda nitakufunga mwenyewe."

Jumapili, 17 Agosti

Nimemwambia baba kwamba tiara imekwenda. Akageuka kutoka ukutani.

"Imekuponyoka?"

"Nimeiacha."

Akauliza mashua ya kwenda Burgao, bara, inaondoka lini. Nikasema Jumatano. Akaomba chai. Sijui maana yake nini. Sijalala.

Jumatano, 20 Agosti

Burgao. Nimekaa juu ya mfuko wangu nikingoja usafiri wa kesho wa kuelekea Mombasa.

Baba alitaka apelekwe pwani. Nilimwongoza, mkono wake juu ya wangu, huu wenye kidonda. Hakuubana. Tulifika ukingoni tukasimama. Mashua tayari, nahodha ananiita, na mimi siwezi kuutoa mkono. Ningeutoaje?

Akafungua vidole yeye. Taratibu, kimoja baada ya kingine. Kisha akarudisha mkono wake chini ya shuka lake, akamwita Khadija amwongoze nyumbani.

Niko salama. Nitampigia Khadija jioni, simu yake ilie. Mkono wangu bado unanukia mafuta ya nazi.