Siku Tatu za Gesare

Nyaribari, 3 Juni 1928

Kepher,

Salamu. Afya yangu ni ya mtu aliyefiwa na mke, usiniulize zaidi.

Nimewafikishia wazazi wa Gesare habari. Mama yake aliniuliza kwa nini wenu wamepona na wake amekufa, basi nakuuliza wewe. Pale kambini kwenye shamba la chai tulilala nyumba moja, gunia tu katikati, mbu walewale. Watoto wako waliumwa homa siku mbili wakarudi kucheza. Gesare amekufa. Mkeo Jerusa ndiye aliyesema tusimpeleke hospitali: "Mfunikeni blanketi atoke jasho. Siku ya tatu ataamka." Siku ya tatu tulimzika.

Kama mna dawa ya kwenu ziwani, mliificha. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua binti yangu Mokeira. Jerusa asimguse.

Ondieki, aliyekuwa ndugu yako


Kericho, 14 Juni 1928

Ndugu Ondieki,

Pole, ndugu yangu. Sisi tu wazima, ingawa Jerusa hali chakula tangu nimsomee barua yako.

Dawa hatuna. Mama yangu alizaa tisa. Homa ilichukua sita kabla hawajatembea. Sisi tuliobaki tumeumwa kila mwaka tangu kunyonya, mpaka miili ikazoea. Kwenu kwenye baridi homa ni mgeni, inaua hata mtu mzima. Dresa, msaidizi wa daktari hospitalini, ameniambia hayo juzi, na nilimkasirikia kwa kuchelewa kuniambia. Jerusa alimtunza Gesare kama alivyotunzwa na mama yake. Alikosea. Nami nilinyamaza.

Lakini usiseme homa ni yetu. Nyapara naye anatutukana eti Wajaluo tumeileta kwenye magunia. Nani alijenga kambi kando ya kinamasi?

Usije. Lango limefungwa kwa ajili ya homa, haingii mtu, hatoki mtu.

Ndugu yako, Kepher


Kericho, 27 Juni 1928

Ndugu Ondieki,

Hujajibu. Natumaini u mzima.

Jumamosi Mokeira alishikwa na homa. Jerusa hakungoja hata saa moja. Alimfunga mgongoni akapita langoni, askari akimchapa fimbo. Mtoto amepewa kwinini. Jana alikunywa uji. Mfuate hospitali, si huku.

Ndugu yako, Kepher


Nyaribari, 9 Julai 1928

Kepher,

Salamu kwako na kwa Jerusa. Mokeira niko naye, anakula.

Pale hospitalini niliona alama za fimbo mikononi mwa mkeo. Nilitaka kumshukuru, lakini kwa hasira nikambeba mtoto nikaondoka. Kutoka hospitali nilipita njia ya kambini kusudi, nikahesabu mwendo. Ni saa moja tu, Kepher, hata kwa mtu aliyebeba mgonjwa.

Gesare alilala siku tatu, na mimi mumewe nilikuwa nimekaa pale pale, nina miguu yangu miwili.

Usiniandikie kwa sasa.

Baba Mokeira